Parkinson si uchawi: Mstaafu wa Kasenga anawezaje kuishi vizuri na ugonjwa wa kutetemeka?

Mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, hatua fupi za kuburuta miguu, sauti inayofifia. Familia nyingi katika mkoa wa Haut-Katanga, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huzihesabu dalili hizi kuwa ni uzee tu, na nyingine husema ni kurogwa. Tabibu Mwingereza James Parkinson aliueleza ugonjwa huo mwaka 1817, na dawa yake kuu imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960. Kwa mzee anayeishi Kasenga, mji wa uvuvi kwenye ukingo wa mto Luapula, zaidi ya kilomita 200 kutoka Lubumbashi, shida si kwamba tiba haijulikani. Shida ni njia ya kuifikia.

Wagonjwa wengi, waliotambuliwa wachache

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na Parkinson, idadi iliyoongezeka maradufu katika miaka 25. Sababu mojawapo ni kwamba watu wanaishi muda mrefu zaidi.

Picha ya vijijini Afrika Mashariki ilionekana wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, timu ya Profesa Richard Walker ilipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000 na kupata wagonjwa 33. Takriban wanane kati ya kila kumi hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Waliopatikana walianzishiwa dawa na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa, jambo lililoonyesha kwamba matibabu haya yanawezekana mbali na hospitali za miji mikubwa.

Jina la ugonjwa ndilo tiba ya kwanza

Parkinson hutokea pale seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusogea kwa wepesi, zinapokufa polepole. Kabla ya kutetemeka, mgonjwa anaweza kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo, kuhangaika usingizini au kuandika kwa herufi zinazozidi kuwa ndogo. Daktari au muuguzi aliyefundishwa huutambua kwa kumsikiliza mgonjwa na kumpima anavyotembea na kusogeza viungo. Kwa wagonjwa wengi, mashine ya kupiga picha ya ubongo si lazima.

Pasipo na maelezo hayo, nafasi hujazwa na imani. Nchini Uganda, miongoni mwa Baganda, kutetemeka huhusishwa na obuko, maradhi yanayosemekana kumpata aliyevunja mwiko wa heshima kati ya wakwe. Ndiyo maana chama kimoja cha wagonjwa nchini humo kilijiita Parkinson Si Buko. Mzee anayedhaniwa amerogwa, au yeye mwenyewe ndiye mchawi, hufichwa ndani. Anayefichwa hatembei, na asiyetembea hukakamaa haraka zaidi.

Kongo ina mfano wake wa kuwajibu wanaoona aibu. Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, aligundulika na Parkinson mwaka 1984, miaka mitatu baada ya pambano lake la mwisho. Aliishi nayo miaka 32. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima.

Baada ya posho, nani analipa?

Kwa miongo mingi samaki wa Luapula walilisha kambi za wachimba migodi wa Union Minière, kampuni ambayo baadaye ikawa Gécamines. Mfanyakazi alipata mshahara, posho, shule ya watoto na hospitali ya kampuni. Mfumo huo uliporomoka. Mwaka 2003 mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, uliwatoa kazini zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines. Sasa wengi wao wamefika umri ambao Parkinson hujitokeza zaidi.

Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2016 iliweka umri wa pensheni kuwa miaka 60 kwa wanaume na wanawake, na mfuko wa CNSS ndio unaolipa. Lakini mfuko hulipa waliochangiwa. Mvuvi, mkulima wa mihogo na mama anayeuza samaki wakavu hawana mwajiri wa kuwachangia. Pensheni yao ni watoto wao, na mara nyingi mke au binti ndiye anayemvisha na kumlisha mgonjwa.

Samaki, vidonge na saa

Dawa kuu, levodopa pamoja na carbidopa, imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Haiponyi, ila humrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea na kujihudumia. Humezwa mara kadhaa kwa siku, kwa saa maalumu, na kuiacha ghafla ni hatari. Kwa hiyo dawa ikikosekana Kasenga wiki mbili, mgonjwa anaweza kuanguka kitandani.

Kuna jambo linalowahusu hasa wala samaki. Protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Kidonge kilichomezwa pamoja na bukari na samaki kinaweza kushindwa kazi. Ushauri wa kawaida ni kukimeza nusu saa kabla ya chakula, au saa moja baadaye. Familia pia zimkumbushe muuguzi kuhusu ugonjwa huu kila mzee anapotibiwa, kwa sababu metoclopramide, dawa ya kuzuia kutapika, na haloperidol, dawa ya akili, huzidisha dalili.

Upupu, mmea unaowasha, una levodopa kwenye mbegu zake, na watafiti wameujaribu kwa wagonjwa wasiomudu vidonge. Hata hivyo kipimo chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, hivyo si wa kujitibu bila usimamizi.

Mazoezi hayahitaji duka la dawa. Kutembea kila siku, kucheza ngoma na kuhesabu hatua kwa mdundo humsaidia mgonjwa ambaye miguu hugoma ghafla. Kuimba kwaya huimarisha sauti. Kuondoa vigoda njiani na kuweka taa usiku hupunguza kuanguka.

Kinachowezekana

Lubumbashi ina kliniki za chuo kikuu, hospitali ya Jason Sendwe na kituo cha magonjwa ya akili na neva cha Joseph Guislain. Safari ya kwenda huko inaweza kuwa ya mara moja, kwa uchunguzi na mpango wa dawa. Ufuatiliaji unaweza kubaki Kasenga, iwapo ukanda wa afya utamfundisha walau muuguzi mmoja na kuiingiza levodopa katika maagizo yake ya kawaida ya dawa.

Hayo hayahitaji hospitali mpya. Yanahitaji uamuzi wa kuyahesabu magonjwa ya wazee kuwa ni magonjwa. Mpaka uamuzi huo ufanyike, nauli ya Lubumbashi itaendelea kuamua ni mzee yupi wa Kasenga atembee na yupi abaki kitandani.