Mji Mwema Hujulikana Siku ya Mvua

Ukimwambia mtu wa Mombasa au wa Lamu kwamba wako watu wanaosafiri masafa marefu hadi Japani, wakazunguka mjini kutwa huku mvua inanyesha, kisha jioni wakarudi wamefurahi, atakujibu kuwa watu hao hawana kazi. Kwetu sisi matembezi ni jua. Picha tunazowapelekea wageni ni za ufuo mweupe, mnazi, na simba aliyejinyosha nyasini. Mvua ikianza, mgeni huambiwa akae hotelini asubiri, na siku yake tunaihesabu imepotea.

Mimi naona kinyume. Siku ya jua kila mji ni mzuri, hata ule uliojengwa ovyo. Siku ya mvua ndipo mji unapopimwa, kwani hapo ndipo linapodhihiri kama waliojenga walimfikiria mja anayekwenda kwa miguu, au walijifikiria wenyewe na magari yao.

Tuwatazame Wajapani. Katika sehemu kubwa ya nchi yao, kuanzia Juni hadi katikati ya Julai, ni msimu wa mvua. Wenyewe huuita tsuyu, na maandishi ya neno hilo maana yake ni mvua ya plamu, kwa kuwa ndio wakati wa matunda hayo kuiva. Watoto hutundika dirishani vijanasesere vyeupe vya kitambaa au karatasi wakitumai kesho jua litoke. Lakini wakubwa hawafungi maduka. Katika jiji la Osaka kuna mtaa wa biashara uitwao Tenjinbashisuji, nao umeezekwa juu kwa urefu wa kilomita 2.6 hivi. Mtu aweza kwenda zaidi ya nusu saa, akanunua, akala, akatazama watu, na kanzu yake isipate tone. Mlangoni mwa maduka mengi kuna chombo cha kuwekea miavuli iliyorowa. Ni jambo dogo, lakini lina maana kubwa: mwenye duka alijua tangu mwanzo kwamba mvua itanyesha na mgeni atakuja.

Karibu na Osaka iko bandari ya Kobe. Mwislamu akishikwa na mvua huko, katika mtaa wa Kitano, ana pa kukimbilia. Mwaka 1935 wafanyabiashara wa Kiislamu waliokuwa wakikaa huko, miongoni mwao Wahindi na Watatari, walifungua msikiti, wa kwanza katika Japani. Mabomu ya mwaka 1945 yaliunguza sehemu kubwa ya jiji na msikiti ukasimama. Zilzala ya tarehe 17 Januari 1995 iliua watu zaidi ya 6,000 katika eneo hilo, na msikiti ukasimama vilevile. Leo wageni huenda kuutazama, Waislamu na wasio Waislamu.

Tena kuna la kustaajabisha zaidi. Kaskazini ya Tokyo, mahali paitwapo Kasukabe, Wajapani wamechimba mfereji wa maji ya mafuriko kiasi cha mita 50 chini ya ardhi, urefu wake kilomita 6.3. Kazi ilikwisha mwaka 2006. Mwisho wake pana birika kubwa mno lenye nguzo 59, mfano wa jumba la kifalme. Maji yakiwa hayapo, watu hulipa kiingilio waende kuliona. Jamani, mtaro wa maji ya mvua umekuwa mahali pa matembezi!

Najua jawabu litakalotolewa: Wajapani wana fedha. Ni kweli, na wala sisemi tuchimbe chini mita 50. Lakini kumstiri mpita njia kulikuwapo kwetu kabla ya fedha hizo. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, baraza za mawe zilizoungana na kuta za nyumba si za mazungumzo na kahawa tu. Mvua kubwa ikipiga na maji yakateremka njiani kama mto, watu walipita juu yake wasilowe miguu. Lamu, nyumba ya kiungwana ilikuwa na daka mbele ya mlango, lenye viti vya mawe huku na huku, na mpita njia aliyeshikwa na mvua aliketi hapo bila ya kubisha hodi. Hizo zilikuwa sheria zisizoandikwa. Mwenye nyumba alitoa sehemu ya mali yake kwa mtu asiyemjua. Tulifunzwa chuoni kwamba kuondoa udhia njiani kunahesabiwa katika imani, na wazee wetu walilijenga somo hilo kwa mawe na chokaa.

Sasa tuje huku bara, Matasia, ninakoandikia haya, chini ya vilima vya Ngong. Wamaasai, wenyeji wa Kajiado, jina lao la Mungu, Enkai, ndilo pia jina la mvua. Mfugaji ameijua thamani yake. Lakini mji mpya unaoota kati ya Ngong na Kiserian unaipokea mvua kama adui. Nyumba za ghorofa zinapanda kila mwezi, na nyingi zimesukumwa mbele hadi ukingoni mwa barabara, hazina upenu. Bati la duka linamwaga maji yake yote juu ya kichwa cha mteja. Mtaro, pale ulipo, umejaa mifuko na udongo. Mama mwenye mtoto mgongoni hujibanza ukutani, akirushiwa tope na kila matatu ipitayo. Na matatu zenyewe, ukizitazama, nyingi zimetoka hukohuko Japani! Tumeagiza gari, hatukuagiza adabu ya njia.

Wala Nairobi, iliyo karibu, si haba kwa matembezi ya siku ya mvua. Jina lake lenyewe kwa Kimaasai ni la maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 iliukuta uwanda wa kinamasi. Nyumba ya Hifadhi za Taifa, katika Moi Avenue, ina sanaa na vitu vya kale alivyovikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana lile behewa ambamo simba alimnyakua mkubwa wa polisi, Ryall, pale Kima mwaka 1900. Msikiti wa Jamia, uliomalizika mwaka 1933, una makuba na minara inayopendeza hata chini ya wingu jeusi. Vyote hivi vina paa. Kisichokuwa na paa ni njia ya kutoka kimoja hadi kingine. Mgeni atashinda ndani ya gari, au atalowa chepechepe.

Na hapa nisiwaachie watu wa bara peke yao lawama. Mombasa nayo, ukitoka Mji wa Kale ukaingia mitaa mipya, utaona majumba marefu yenye vioo, na chini yake hakuna hata pahali pa mtu kusimama akangoja mvua ipungue. Tumeacha mbacha wetu kwa msala upitao. Tumeiga urefu wa majengo ya watu, na baraza letu tukalivunja ili tuegeshe gari.

Wengine watasema haya ni mambo ya starehe. Sivyo. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 katika Kenya, na mji usiomfikiria mpita njia siku ya rasharasha hautamfikiria siku ya gharika. Mtaro ulioziba ukimlowesha mtalii viatu leo, kesho utaingiza maji katika chumba cha maskini.

Ramani za majengo hupitishwa na serikali za kaunti. Basi kaunti ya Kajiado, maadamu Matasia na Kitengela bado zinajengwa, iweke sharti moja jepesi: jengo lolote la biashara linaloelekea barabara liwe na upenu wa kupita watu wawili, na mtaro ulio wazi mbele yake. Kaunti za pwani nazo ziweke sharti hilohilo, maana kwao ni kurudi nyumbani tu. Mwenye jengo atapoteza hatua tatu za ardhi. Atapata wateja wanaosimama dukani mwake mvua inaponyesha, na dua za watu asiowajua.