UKURASA WA AKINA MAMA: Blauzi ya Kroshia kwa Miezi ya Jua



Ukiingia katika nyumba nyingi za Kitengela na Kajiado utaona kwamba viti vya sebuleni vimevikwa vizuri kabisa. Kila kiti kina kitambaa chake cha kufumwa mgongoni, na meza nayo ina chake. Kazi hiyo ni ya mkono wa mwenye nyumba, ameifanya jioni baada ya kuosha vyombo, au mchana akiwa anangoja wateja dukani. Lakini mwenyewe, akitaka blauzi nyepesi ya kwendea kanisani au harusini, hutoa fedha kununua iliyofumwa na mtu mwingine. Juma hili twataka kumwonyesha bibi huyo kwamba mkono uliovika kiti waweza kumvika yeye pia. Mambo yanayowashinda wengi ni mawili tu, nayo ni kupima kabla ya kuanza na kuhesabu baada ya kumaliza.

Katika wilaya zetu hatuna kiangazi kama cha Ulaya, lakini tuna miezi ya jua kali, hasa Januari mpaka Machi kabla ya mvua ndefu kunyesha. Kitengela iko juu kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Kajiado uko juu zaidi. Kwa hiyo mchana huchoma na jioni huwa na upepo wa baridi. Magadi, iliyo bondeni kama mita 600 tu, joto halipungui hata usiku. Nguo iliyofumwa kwa matundu hufaa pote, kwa maana hupitisha hewa mchana, na jioni hukaa vizuri chini ya koti jepesi.

UZI

Uzi mwingi unaouzwa madukani kwa ajili ya sweta na vitambaa vya viti huitwa sufu, lakini si sufu ya kondoo. Ni akriliki, yaani uzi uliotengenezwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Una sifa zake: bei yake ni nafuu, rangi yake haichujuki upesi, na kwa kitambaa cha kiti hauna ubaya. Lakini hauvuti jasho, na pasi ya moto huuharibu. Kwa blauzi ya miezi ya jua chagua uzi wa pamba. Pamba huvuta jasho na kulitoa nje, na kila ukiifua huzidi kuwa laini.

Kwanza nunua donge moja tu la kufanyia majaribio. Ukikwisha kujua donge moja linafuma safu ngapi, rudi dukani ununue yote yanayohitajiwa kwa mara moja. Tazama karatasi ya donge: pamoja na namba ya rangi huwa na namba ya kundi lililotiwa rangi siku moja. Madonge yote yawe na namba moja ya kundi. Mawili yanayofanana dukani, kama makundi yao ni mbalimbali, yataonyesha mstari kifuani mwako ukisimama juani. Lile donge la kwanza, likiwa na namba nyingine, litafaa kwa pindo.

KIPIMO

Kitambaa cha kiti kikizidi vidole viwili hakuna atakayeona. Blauzi ikizidi vidole viwili kila upande itaanguka mabegani, na ikipungua haitavalika. Kwa hiyo usianze nguo kabla hujafuma kipande cha kupimia, chenye upana wa sentimita 15 na urefu kama huo. Kifue, kikauke, ndipo uweke rula katikati yake na kuhesabu yaliyomo katika sentimita 10. Wako wanaoona kwamba huko ni kupoteza jioni moja. Lakini asiyepoteza jioni moja kwa kipande huenda akapoteza majuma matatu kwa nguo nzima.

Tuchukue mfano. Kifua chako ni sentimita 92. Ongeza 8 ili nguo isikubane, jumla 100. Nguo yetu ina vipande viwili, mbele na nyuma, basi kila kimoja kitakuwa na upana wa sentimita 50. Tuseme kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano ya kroshia ya milimita 2.5, kipande chako kimeonyesha madirisha 8 katika sentimita 10 za upana, na safu 11 katika sentimita 10 za urefu. Sentimita 50 zitakuwa madirisha 40. Urefu wa sentimita 55 utakuwa safu 60. Hesabu zako zikiwa tofauti, fuata zako mwenyewe; mkono wa kila mtu una mvuto wake.

KAZI YENYEWE

Anayejua kufuma vitambaa aijua tayari mishono mitatu tutakayoitumia: mnyororo, mshono mfupi na mshono mrefu. Mshono mrefu ni ule ambao uzi huzungushwa mara moja juu ya sindano kabla ya kuchoma, kisha vitanzi vitatu hutolewa viwili viwili. Twaueleza kwa sababu vitabu vya Kiingereza vimewapotosha wengi: jina ambalo Wamarekani huupa mshono huu mrefu, Waingereza huupa ule mfupi. Ukifuata kitabu, angalia kwanza kimetoka nchi gani.

Dirisha moja ni mshono mrefu, vitanzi viwili vya mnyororo, na kuruka vitanzi viwili vya chini. Kwa madirisha 40 fuma mnyororo wa vitanzi 120, kisha ongeza 5, jumla 125. Mshono mrefu wa kwanza uchome katika kitanzi cha 8 ukihesabu kutoka kwenye sindano. Hapo utakuwa umepata dirisha la kwanza. Endelea hivyo hivyo mpaka mwisho.

Ukifika mwisho wa safu, fuma vitanzi 5 vya mnyororo, geuza kazi, na uchome mshono mrefu juu ya mshono mrefu unaofuata. Vitanzi 3 kati ya hivyo 5 vyasimama mahali pa mshono mrefu, na 2 ni vya dirisha. Kwa hiyo mshono wa mwisho wa safu uchomwe katika kitanzi cha tatu cha ule mnyororo wa kugeuzia. Hapa ndipo wengi hupoteza dirisha moja bila kujua, na nguo huanza kuwa nyembamba kama shingo ya chupa. Hesabu madirisha kila baada ya safu 5.

Fuma vipande viwili vilivyo sawa, kila kimoja safu 60. Viweke kimoja juu ya kingine, uunge madirisha 9 kila bega na kuacha 22 ya katikati kwa shingo. Usiifanye shingo kuwa nyembamba zaidi, maana blauzi hii haina vifungo, na kichwa lazima kipite. Kwa mbavu, unga safu 38 kutoka chini na kuacha 22 za juu kwa mikono. Mwisho zungusha mshono mfupi shingoni, mikononi na chini, ili nguo isivutike. Ndani vaa shimizi au fulana ya rangi moja na uzi, na heshima yako itakuwa salama hata mbele ya wakwe.

Anayetaka mapambo asiache madirisha yote wazi. Dirisha likijazwa mishono mirefu miwili mahali pa vile vitanzi viwili vya mnyororo, huzibika. Na kwa kupanga yaliyozibwa na yaliyo wazi utapata pembe tatu, misalaba au maua. Bibi wa Kimaasai aliyezoea kutunga shanga kwa hesabu hataona jambo geni hapa. Atalihesabu dirisha kama ahesabuvyo ushanga, na pambo atalichukua katika mkufu wake mwenyewe bila kutafuta kitabu cha ng'ambo.

KUFUA

Maji ya visima katika sehemu nyingi za Kajiado yana chumvi na magadi, na sabuni haitoi povu upesi. Mtu huongeza sabuni, nayo hubaki katika uzi na kuufanya mgumu. Ukiweza, weka maji ya mvua kwa nguo hizi. Usizikamue kwa kusokota. Zikunje katika taulo na kuzikandamiza. Wala usizitundike kambani, kwa sababu pamba yenye maji ni nzito na blauzi itarefuka mpaka magotini. Ilaze juu ya taulo kavu kivulini, uinyoshe kwa vipimo vyake.

BEI

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza zaidi. Jirani ataiona blauzi yako, ataipenda, naye atataka umfumie. Utamwambia bei gani? Wengi hujumlisha bei ya uzi, huongeza kidogo kwa kuona haya, na kumbe wametoa jioni zao bure.

Tumia saa. Angalia safu moja yakuchukua dakika ngapi. Ikiwa ni dakika 10, safu 120 za vipande viwili ni dakika 1,200, yaani saa 20. Ongeza saa 3 za kuunga na pindo. Jumla saa 23. Kama waipa saa yako thamani ya shilingi 60, kazi ni shilingi 1,380. Uzi ukiwa shilingi 700, blauzi imekugharimu shilingi 2,080. Huu ni mfano tu, weka hesabu zako. Lakini uziandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo umwonyeshe jirani.

Atakujibu kwamba mtumba ni bei rahisi. Ni kweli. Wala usishindane na mtumba kwa bei, maana hutashinda. Mwambie kwamba mtumba ulipimwa kwa mwili wa mtu mwingine, na hii imepimwa kwa mwili wake. Mwambie jambo la pili pia. Mashine ya kufuma kwa vitanzi ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, na leo sweta na fulana hutoka viwandani kwa maelfu. Katika viwanda vya nguo vya Athi River, karibu na Kitengela, mashine hushona kutwa nguo za kupelekwa ng'ambo. Lakini viwandani hakuna mashine ifanyayo kroshia ya kweli. Zilizopo huiga sura yake tu. Kila blauzi ya kroshia ya kweli, hata iuzwayo kwa bei ya kutupwa, ilifumwa na vidole vya mtu. Bei ikiwa ndogo mno, fahamu kwamba mtu huyo hakulipwa saa zake.

Mkono huu umewahi kuokoa watu. Njaa kuu ilipoingia Ireland mwaka 1845, watawa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma nakshi za kroshia, nazo ziliuzwa kwa matajiri, na jamaa nyingi zikapata chakula. Kwetu Kenya vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, viliwafundisha akina mama kushona na kufuma pamoja na usafi na malezi ya watoto. Wako mabibi wazee ambao bado wanashika sindano kama walivyofundishwa na mama zao waliotoka katika vilabu hivyo. Mkaribie mmoja wao, ukae naye alasiri. Mshono ambao kitabu kimeshindwa kuueleza atakuonyesha mara moja.

Basi anza na kile kipande kidogo cha kupimia. Bandu bandu huisha gogo, na safu mbili kila jioni zitakupa blauzi kwa majuma tisa. Ukianza mwezi wa Novemba, jua la Januari litakukuta umevaa.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kuifumia mikono mifupi. Kwa herini.