Beni: Kupuliza dawa ovyo kwenye michungwa ni kuua walinzi wa shamba

Beni mjini, Mbau, Oicha: mchungwa ukionekana majani yamejikunja na kupakaa weusi kama masizi, jibu ni moja tu, pompa mgongoni. Muuzaji wa dawa anafurahi. Mwenye mti anadhani amemaliza shida. Wiki chache baadaye vidukari wamerudi, pengine wengi kuliko mbele.

Kulielewa jambo hili hakuhitaji diplome. Kidukari jike anaweza kuzaa bila dume. Anazaa watoto hai, na kwenye joto hao nao wanaanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Wanaomla, yaani vile vidudu vya mviringo vyenye mgongo mwekundu na madoa, pamoja na nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mwili wake, wanaongezeka polepole. Dawa inaua wote. Anayerudi wa kwanza ni mharibifu, na safari hii hakuna wa kumla.

Wamarekani walilipia somo hilo. Mwaka 1888 michungwa ya California ilikuwa inakufa kwa vidugamba vyeupe kama pamba, vilivyotoka Australia. Albert Koebele alitumwa huko kutafuta adui yao, akapeleka kidudu kiitwacho vedalia. Kufikia 1890 michungwa ilikuwa imepona. Miaka ya 1940 ikaja DDT: vedalia wakafa, vidugamba vikajaa tena. Wenye pesa na maabara waliumia hivyo, sembuse mama mwenye michungwa mitano?

Na nani anabeba pompa? Mara nyingi ni mtu aliyekimbia vita, anayetafuta franka za unga, bila maski wala glavu. Chupa haina karatasi ya maelezo. Machungwa yanachumwa kesho yake, na watoto wanamenya kwa meno. Eti huyo amepata bahati ya kibarua!

Kuna njia isiyo ya dawa. Sisimizi wengi wanaopanda mti wanafuata utamu wa vidukari, na wanawafukuza wanaowala. Kitambaa chenye grisi kikifungwa kwenye shina, na matawi yanayogusa ukuta yakikatwa, walinzi wanapata nafasi. (Wale wekundu wanaoshona majani ni habari nyingine: Wachina waliwaweka kwenye michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita ili wale wadudu waharibifu.)

Maagronomu wa serikali wanayajua haya. Wafike viwanjani na kambini wayaseme, na dawa isiyo na maelezo itolewe sokoni, inapouzwa leo kando ya unga.