Karakana ya Mzinga isiyopiga mizinga

Kwanza tumalizane na jina. Mzinga ni silaha, mzinga ni nyumba ya nyuki, mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali, na kwa Kiswahili cha mjini kumpiga mtu mzinga ni kumwomba hela. Mzinga yetu ya Morogoro, pale chini ya milima ya Uluguru, imejulikana nchi nzima kwa maana ya kwanza, kwa sababu ya Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi kilichoanzishwa mwaka 1971. Mimi leo nina ugomvi na ile maana ya mwisho.

Wenzangu kadhaa, wengi wao wahitimu wa SUA na Mzumbe, wanataka kuanzisha karakana ya jamii kwa ajili ya watu wazima. Chumba kimoja chenye meza imara, jiliwa, randa, misumeno, drili, mashine ya kuchomelea na vifaa vya kulehemu. Jumamosi mtu mzima yeyote anaingia na redio yake iliyokufa au mbao zake, anatengeneza mwenyewe huku anayejua akimwelekeza. Hakuna ada ya kozi, hakuna cheti. Wanaoendesha wanajitolea.

Wazo hili naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila nimeshangaa kuona kwamba hatua ya kwanza ni kuandika andiko la mradi. Hata nyundo moja haijapatikana, lakini bajeti tayari ina printa ya 3D, semina ya siku tatu na posho za vikao. Jamani! Kujitolea kwa posho ni kujitolea gani?

Mji huu ungepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba mashine ndiyo inayoleta ufundi. Sisi ndio tulioletewa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kiwanda kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa iende kuuzwa Ulaya. Mashine zilikuja, za kisasa kabisa. Hakikuwahi kuvuka asilimia 5 hivi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Hata jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini zisizopitisha hewa vizuri, kwenye joto la Morogoro! Kila kitu kilikuwepo isipokuwa vipuri, ngozi nzuri na watu wa kukiendesha.

Linganisha na Arusha. Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli. Akatengeneza chaja ya simu inayozungushwa na gurudumu la baiskeli, akitumia vitu vilivyokwisha kutupwa na wengine, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa karakana ya Twende, mahali ambapo watu wa kawaida walifundishwa kubuni na kutengeneza zana zao wenyewe. Ni kweli Wazungu walikuwepo, MIT ya Marekani ilikuwepo, na mwaka 2014 wabunifu kutoka nchi mbalimbali walikutana Arusha kufanya kazi na wanavijiji. Sikatai. Lakini angalia mpangilio: fundi alitangulia, mgeni akafuata.

Na sisi mafundi tunao. Hapa ndipo ninapoona wenzangu wanapitwa. Morogoro ilikuwa mji wa viwanda: nguo, magunia, viatu, tumbaku. Viwanda vingi vilikufa au vikabinafsishwa, lakini waliokuwa wakikereza vyuma, kunoa tupa na kusikiliza injini kwa sikio hawakufa wote. Wamo mitaani. Ongeza wastaafu wa Mzinga yenyewe. Sisemi tukabishe hodi kiwandani, ile ni sehemu ya jeshi na hata kupiga picha getini si jambo la kujaribu. Nasema tumfuate mzee aliyestaafu, anayekunywa kahawa barazani, tumwambie: "Shikamoo mzee, tuna jiliwa na vijana kumi wasiojua kushika tupa. Utatusaidia Jumamosi?" Sidhani wengi watakataa. Kule Australia tangu miaka ya 1990 wanavyo vibanda vya useremala vya wanaume wastaafu, na sababu mojawapo ya kuvianzisha ilikuwa upweke wa wazee wenyewe. Mzee aliyezoea king'ora cha zamu, halafu siku moja hana pa kwenda asubuhi, anaumwa kwa namna ambayo hospitali haina dawa yake.

Kuna atakayesema, si tunayo VETA Kihonda, si tunacho Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa? Tunavyo, na ni vizuri. Lakini mama mwenye genge, mwalimu wa shule ya msingi au karani wa benki hawezi kuacha kazi akasome useremala. Anachotaka ni kurekebisha mlango wake na labda kutengeneza mizinga minne ya kisasa aitundike shambani. (Ndiyo, mizinga ya nyuki, na kwangu huo ndio mradi wa kwanza unaofaa: mbao, vipimo, misumari, na asali mwishoni.) Halafu mtu mzima ana aibu. Hataki kuonekana hajui. Ndiyo maana mwaka 1970, Mwalimu alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa yalipelekwa chini ya miembe na kwenye sehemu za kazi, na wengi waliofundisha walikuwa wa kujitolea. Mtu alijifunza akiwa na wa rika lake, si kwenye dawati la mwanawe.

Uendeshaji wenyewe ni mambo madogo madogo yanayochosha. Ufunguo anao nani? Akisafiri? Bisibisi iliyoazimwa Jumamosi ikionekana Jumatano kwa fundi pikipiki, nani anamfuata? LUKU ikiisha huku mtu yuko katikati ya kuchomelea, nani anatoa hela? Ningeshauri daftari moja la vifaa, kila kifaa kipakwe rangi ileile inayotambulika, hakuna kinachotoka nje ya mlango, na kisanduku cha umeme ambacho kila anayeingia anachangia kidogo. Hakuna kuchomelea bila kinga ya macho, na hakuna kuchomelea ukiwa peke yako. Jicho halina spea.

Lakini kuna swali gumu ambalo wenzangu hawajalijibu, nalo ni mafundi wa mtaani. Fundi anayelipa kodi ya kibanda na ushuru ataonaje akisikia kuna mahali watu wanatengenezewa bure? Ana haki ya kukasirika. Amsterdam, ambako mwaka 2009 mwandishi mwenzetu Martine Postma alianzisha mikutano ya watu kutengeneza vitu vyao vilivyoharibika, kila mtu ana mshahara na fundi ni adimu. Kwetu fundi ndiye jirani, na watoto wake wanasoma kwa hiyo misumari. Msimamo wangu: karakana isipokee wateja. Unaleta kitu chako, unakishika wewe. Ukitaka kufanyiwa, nenda kwa fundi ukalipe. Na siku kijana aliyejifunzia hapo akianza kuuza makabati, atafute kibanda chake. Wapo wanaoona huu ni ukatili kwa vijana wasio na ajira, na ndilo jambo lililotugawa katika kikao cha mwisho. Mimi bado sijabadilika. Bila sheria hiyo, ndani ya miezi sita watu watatu wenye nguvu wataigeuza gereji yao.

Hao watatu, mnajua na mimi najua, watakuwa wanaume. Kwa hiyo funguo ziwe mbili, na wa pili akabidhiwe mwanamke, si kwa ajili ya picha ya mfadhili bali kwa sababu mlango ukifunguliwa na mwanamke, mama wa genge ataingia. Jiliwa nimeshalipata, la mkono wa pili, lina kutu lakini meno yake mazima. Anayehitajika sasa ni mtu wa kupokea ufunguo huo wa pili.