Usipime kwa debe la kwenu



Nilizaliwa na kukulia Kilimanjaro, upande wa kusini wa mlima. Huko kila familia inakaa ndani ya kihamba chake: migomba, kahawa chini yake, ng'ombe bandani, na makaburi ya mababu hatua chache kutoka mlangoni. Tuna mvua za masika na za vuli, na zikipungua upo mfereji uliochimbwa na wazee kuleta maji kutoka juu. Ndizi nazo hazingoji msimu. Ukikata mkungu leo, mwingine unakomaa.

Miaka 12 iliyopita askofu wangu alinituma kuhudumu kwa muda katika parokia ya vijijini mkoani Dodoma. Huko mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nayo yaweza kukatika mtama ukiwa umeshachipua. Kiangazi mito hubaki mchanga mtupu. Kina mama huchimba humo, husubiri maji yajikusanye, kisha huchota kata kwa kata. Chakula ni ugali wa mtama au uwele kwa mlenda, ambao miezi ya kwanza ulinishinda.

Noeli ya kwanza iliniumiza. Kwetu Desemba watu hurudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi na kanisa hujaa hadi nje. Huku mvua ilikuwa imeanguka siku mbili kabla, na wengi walikuwa shambani wakipanda kabla udongo haujakauka. Nilirudi nyumbani nikinung'unika.

Februari nikaharibu kabisa. Kigango kimoja kilikuwa kimechelewesha mchango wa paa la kanisa. Nikawaambia waumini kwamba kule nilikotoka, kigango kidogo kuliko hicho kingemaliza kazi kwa Jumapili mbili. Nikatumia na neno uvivu. Kanisa zima likanyamaza.

Baada ya Misa mwenyekiti wa kigango, mzee wa makamo ya baba yangu, alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. "Baba," akasema, "huu ni mwezi wa pili. Chakula cha mwaka jana kimekwisha, cha mwaka huu bado kiko shambani. Hao uliowaita wavivu wanapalilia tangu alfajiri kila siku, na wengine leo wamekuja Misa bila kula tangu jana mchana."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Jumapili iliyofuata niliomba radhi mbele ya altare. Julai, baada ya mavuno, watu wale wale walileta mtama, karanga, kuku na mbuzi wawili. Paa halikukamilika mwaka ule. Lilikamilika uliofuata, kwa mikono yao.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, Musa anawaandaa Waisraeli kuhama kwa kuwalinganishia nchi mbili. Misri mtu alimwagilia mbegu zake kwa jasho la miguu yake, kama bustani ya mboga. Nchi waendayo ni ya milima na mabonde, inayokunywa mvua ya mbinguni. Mkulima yeyote angeona Misri ndiyo salama zaidi. Lakini Musa anasema ile ya pili ndiyo ambayo Mungu huiangalia mwaka mzima. Sura hiyo niliifanyia mtihani seminarini. Niliielewa nilipomwona mkulima akipanda mara ya tatu katika msimu mmoja, kwa mbegu za kuazima.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi na familia zao wameonja kuhama. Walimu na wauguzi hupangiwa vituo mbali na kwao kila mwaka. Kulinganisha hakukwepeki, na aliyeishi mahali pawili huona zaidi. Tunakosea tunapochukua debe la kwetu na kuwapimia wenyeji utu wao. Kabla hujasema watu wa huku ni wavivu, wachoyo au wazito, uliza wanakula nini mwezi huu, na maji wanayatoa wapi.

Nanyi mnaopokea wageni, kumbukeni mgeni ni kuku mweupe: kila kosa lake huonekana. Msimsengenye. Mfanyieni kama yule mzee alivyonifanyia, mkamweleze kando, kwa upole.

Nimesharudi mlimani. Siku hizi nikikuta mfereji umeachwa unamwaga maji barabarani, nashuka kuuziba. Nawakumbuka kina mama wale na kata zao.

Nawatakia Jumapili njema.