Forester ni imara, ukiipa mafuta yake

Subaru Forester husifiwa kwa kupanda milima. Mimi naisifu zaidi kwa kushuka. Teremka mlima wa Kitonga ukiwa na familia na mizigo ndipo utaona faida ya injini iliyolala chini: gari haliyumbi kwenye kona, na mvua ikinyesha magurudumu yote manne yanashika barabara. Uvungu wa milimita 220 wa toleo la SJ unatosha njia nyingi za vijijini.

Kinachonisikitisha ni ushauri mbaya tunaopewa mitaani kuhusu mafuta na matairi. SJ, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2012, nyingi zina giaboksi ya CVT. Ukiiwekea mafuta ya giaboksi ya kawaida unaiua, na kuitengeneza ni gharama kubwa mno. Matairi nayo: usifunge moja jipya ukaacha matatu yaliyoisha, maana tofauti hiyo inaumiza mfumo wa kugawa nguvu. Gari langu la SJ nimelibadilisha bushi na shokapu tu, injini haijaguswa.

Ndugu zangu, kama hapo mlipo hakuna fundi anayeijua CVT, tafuteni toleo la SH, lililotangulia SJ, lenye giaboksi ya otomatiki ya kawaida.