UCHAMBUZI: Kura ya Abyei ilikwamia kwenye orodha, si sandukuni

MKATABA wa amani uliotiwa saini jijini Nairobi Januari 9, 2005 ulimaliza vita vya zaidi ya miaka 20 kati ya serikali ya Sudan na waasi wa SPLM. Uliahidi kura mbili za maamuzi.

Ya kwanza ilifanyika Januari 2011, na takriban asilimia 99 ya wapigakura wa kusini wakachagua kujitenga. Ya pili, iliyokusudiwa kuamua iwapo Abyei ingebaki kaskazini au kujiunga na kusini, haijafanyika rasmi hadi leo.

Wengi hulaumu mafuta na ukaidi wa wanasiasa. Lawama hiyo ina ukweli, lakini ufa ulikuwamo katika hati yenyewe. Itifaki iliyotiwa saini Naivasha Mei 2004 iliwapa haki ya kura Wadinka Ngok na Wasudani wengine wanaoishi Abyei. Nani ahesabiwe mkaazi? Jibu liliachiwa tume ambayo haikuundwa.

Khartoum ilishikilia kuwa Wamisseriya, wafugaji wanaohamishia mifugo yao huko kila kiangazi, wapige kura. Kusini ikakataa katakata. Mei 2011 majeshi ya Sudan yaliuteka mji wa Abyei na maelfu ya watu wakatoroka. Oktoba 2013 Wadinka Ngok walijiandalia kura na karibu wote wakachagua kusini. Si Khartoum wala Juba iliyoyatambua matokeo hayo.

Linganisha na Schleswig, eneo lililogombaniwa na Denmark na Ujerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles ulitaja bayana wapigakura: waliozaliwa humo, au walioishi humo tangu kabla ya 1900. Mwaka wa 1920 kanda ya kaskazini ilichagua Denmark na ile iliyofuata ikachagua Ujerumani. Mpaka huo ungalipo.

Ni kweli kwamba Ujerumani ilikuwa imeshindwa vitani, nayo haikuwa na nguvu za kupinga masharti. Sudan haikuwa imeshindwa. Hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuliandika jibu Naivasha, pande zote zilipokuwa bado mezani zikihitajiana.

Vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 vimelisukuma kando suala la Abyei. Litakaporejea, wasuluhishi waanze na orodha ya wapigakura. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakazi wa Abyei wameulipia ukuta huo kwa damu.